Mbwa mkubwa akianza kuzeeka: mwongozo kwa wafugaji wa Mtwara na Lindi

Maswali ninayoulizwa ni yale yale. "Mbwa wangu siku hizi halali mlangoni, anajificha nyuma ya nyumba." "Asubuhi anachelewa kunyanyuka." "Mgongo umekonda ila tumbo kubwa, ana nini?" Na mara nyingi anayeuliza ameshajijibu mwenyewe: kazeeka huyo.

Neno hilo "kazeeka" limewahi kuniponza. German Shepherd wangu wa kwanza, Tambo, alipofika miaka minane alianza kusitasita kwenye ngazi mbili za baraza. Nikasema uzee. Ilipita miezi mitano ndipo nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari aliuvuta mguu wa nyuma wa kushoto kidogo tu, na Tambo, ambaye hajawahi kumtolea meno mtu wa nyumbani, akageuka na kunguruma. Miezi mitano yote alikuwa anaumwa nyonga, na mimi namwita mvivu.

Kwa hiyo usomapo hatua hizi, shika jambo moja: kila kinachobadilika kwa mbwa mzee kina sababu, na sababu nyingi zina dawa au nafuu. Mwongozo huu ni kwa mwenye German Shepherd, Rottweiler, Boerboel, Doberman, Labrador, au chotara wao aliyefika kilo 25 na kuendelea. Mbwa wakubwa huzeeka mapema kuliko wadogo. Anza kumhesabu mzee akifika miaka 7, na kama ni jitu kama Great Dane, anza akiwa na miaka 5 au 6.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari. La karatasi linatosha.
- Kipimajoto cha duka la dawa, kiwe cha mbwa peke yake, pamoja na mafuta ya kupaka kidogo.
- Kikata kucha cha mbwa au tupa ndogo.
- Kibano cha kutolea kupe.
- Glavu. Nyumba nyingi za huku Kusini zina watu wanaochunga twahara, na si haki kumlazimisha shemeji au dada wa kazi aguswe na mate ya mbwa. Glavu, bakuli lake mwenyewe na sehemu yake ya kuoshea vyombo humaliza ugomvi huo, na mbwa hapitwi na huduma.
- Godoro kuukuu, au magunia ya katani mawili matatu yaliyoshonwa pamoja na kujazwa nguo chakavu.
- Namba ya simu ya daktari wa mifugo, na ya mtu mwenye bajaji au kirikuu anayekubali kubeba mbwa. Zitafute leo. Usiku wa dharura nimeona bajaji nne zikikataa moja baada ya nyingine.

Hatua ya 1. Mpime uzito, uandike

Mbwa wa kilo 40 humbebi ukapanda naye mzani wa bafuni. Nenda mahali penye mzani wa jukwaa: ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) nje ya msimu, au kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mpandishe, mkalishe, soma. Rudia kila mwezi.

Kisha tumia mkono. Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo vyake: mbavu za mbwa zikigusika hivyo, amekonda mno. Fungua kiganja, gusa nyama ya chini ya kidole gumba: mbavu zikijificha hivyo, amenenepa mno. Gusa mgongo wa mkono wako ulionyooka: hivyo ndivyo mbavu zinavyotakiwa kugusika.

Watu wengi wakisikia hivi hudhani nataka mbwa wao wakonde. Marekani walilea Labrador 48 tangu wakiwa wadogo, wawili wawili, mmoja akila robo pungufu ya mwenzake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: waliokula pungufu waliishi karibu miaka miwili zaidi, na yabisi ya viungo iliwachelewa. Hakuna dawa ya dukani inayoweza kufanya hivyo.

Hatua ya 2. Mkague mwili mzima kila wiki

Chagua siku moja. Mimi huchagua Jumapili jioni, jua likishapoa. Anza mdomoni umalizie mkiani.

Fizi ziwe na rangi ya waridi. Zibonyeze kwa kidole ziwe nyeupe, uachie: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Fizi nyeupe au za manjano ni safari ya kwa daktari siku hiyo hiyo. Angalia meno yaliyooza. Mbwa anayeacha chakula kigumu mara nyingi ana jino, hana kiburi.

Papasa mwili wote ukitafuta uvimbe. Vingi ni vya mafuta tu na havina neno, lakini kwa macho huwezi kujua. Andika mahali uvimbe ulipo na ukubwa wake (punje ya korosho, embe changa), ili mwezi ujao ujue kama umekua. Uvimbe mgumu juu ya mfupa, karibu na kifundo cha mguu wa mbele, bega au goti, pamoja na kuchechemea, usiusubirie mwezi ujao. Saratani ya mfupa huwapata zaidi mbwa wa maumbo makubwa, nayo haina subira.

Akiwa amelala usingizi mzito, hesabu pumzi zake kwa dakika moja. Zikipita 30 kila unapohesabu, moyo au mapafu yanahitaji kusikilizwa. Wenye Doberman na Great Dane wasiache kipimo hiki, maana moyo kutanuka ni ugonjwa unaorithiwa kwenye ukoo wao.

Hatua ya 3. Daktari mara mbili kwa mwaka, hata kama haumwi

Ukiwa hujui wa kumpata, anzia ofisi ya mifugo ya halmashauri yako. Wengi wao kazi yao ya kila siku ni ng'ombe, mbuzi na kuku, hivyo nenda umejiandaa: uzito, umri, orodha ya mabadiliko uliyoyaandika, na video ya simu inayomwonyesha mbwa akitembea na akinyanyuka kutoka chini. Video husaidia kuliko maelezo, kwa sababu mbwa akifika mahali pageni huficha kuchechemea kwake.

Omba apimwe damu na mkojo. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, una kituo Mtwara, hivyo si kila sampuli lazima ipande basi kwenda Dar es Salaam. Walioko Masasi, Nachingwea au Liwale wapange safari na daktari kabla, sampuli isiharibike njiani kwa joto.

Hatua ya 4. Rekebisha chakula

Hapa ndipo tunapokosea zaidi, na si kwa ubaya. Mbwa wa Kusini anakula tunachobakiza: ugali wa makopa (mhogo mkavu), mchuzi, vichwa vya samaki. Kijana anahimili. Mzee, misuli inayeyuka na tumbo linabaki.

Mpikie chake. Mafungu mawili ya ugali wa mahindi au wali, fungu moja na nusu la samaki, dagaa, nyama au mayai, na nusu fungu la boga au mchicha uliochemshwa. Usitie chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu. Dagaa wakavu waroweke na kumwaga maji, chumvi ipungue. Uzuri wa dagaa ni kwamba huliwa na mifupa yao, hivyo kalsiamu imo humo humo. Ugali wa mhogo mtupu ni wanga, haujengi chochote, na mhogo mchungu mbichi una sumu, asiupate kabisa.

Gawa chakula mara mbili au tatu kwa siku. Asile kwa pupa: weka jiwe kubwa laini katikati ya bakuli, kubwa kuliko mdomo wake, alizunguke. Baada ya kula apumzike saa nzima bila kukimbia. Bakuli libaki chini, usilipandishe juu ya kiti isipokuwa daktari amesema hivyo kwa sababu ya shingo. Haya yote ni ya kuzuia tumbo kujaa gesi na kujipinda, ugonjwa unaoua mbwa wenye kifua kirefu ndani ya saa chache. Nitaurudia chini.

Makosa ninayoyaona kila mwaka:

Unga ulioota ukungu. "Huu hatuli sisi, mpikie mbwa." Mbwa anaumizwa na sumukuvu upesi kuliko wewe. Ini linakufa, anapata manjano, anatapika damu. Karanga zilizovunda ni hivyo hivyo. Unga usioula wewe, mwage.

Mifupa iliyopikwa. Inapasuka vipande vyenye ncha.

Mikorosho. Msimu wa mavuno, mabibo yakianguka na kuchachuka chini ya mti, mbwa wengine huyapenda. Ni pombe ile, na pombe ni sumu kwake. Ganda bichi la korosho nalo lina mafuta yanayobabua mdomo na ngozi. Na miezi ya kupuliza dawa mikorosho, mfungie nyumbani: salfa inamwasha macho na mapafu, na kwa viuatilifu vya maji ni hatari zaidi kwa kuwa anajilamba manyoya.

Hatua ya 5. Tunza viungo

Nyonga za German Shepherd, Rottweiler na Labrador mara nyingi huwa hazijakaa vizuri kwenye vikombe vyake tangu utoto. Mfupa unasaga mfupa miaka yote, na uzeeni yabisi inakomaa. Dalili zinakuja polepole: anakaa upande mmoja, anaruka kama sungura akikimbia, anashindwa kupanda gari, anakuwa mkali akiguswa kiunoni.

Anza na sakafu. Marumaru na vigae vinamtelezesha, na kila anapoteleza anajiumiza upya. Tandika mikeka au vipande vya zulia kwenye njia anazopita. Kata kucha, kucha ndefu zinamfanya akanyage vibaya. Godoro liwe mahali pakavu pasipo na upepo wa bahari usiku, kwani kulala juu ya saruji kunatoa sugu na mifuko ya maji kwenye viwiko.

Halafu mazoezi. Usimfungie ati apumzike, misuli ikiisha nyonga hazina cha kuzishika. Mtembeze dakika 15 hadi 20 asubuhi na jioni, mwendo uleule kila siku, usimlaze wiki nzima kisha Jumamosi ukamkimbiza. Waliopo karibu na bahari, kama sisi wa Shangani na Mikindani, tuna bahati ambayo hatuitumii. Maji ya kufika kifuani, mahali pa mchanga pasipo na fungu la mawe wala urchini wenye miiba, dakika 5 za kwanza, uongeze taratibu. Maji yanambeba uzito huku misuli inafanya kazi. Mpe maji baridi ya kunywa kabla hajaingia asije akanywa ya chumvi, na mwoshe akitoka.

Dawa za maumivu zipo, meloksikamu na kaprofeni zinazotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Daktari ndiye apange kipimo kwa uzito, baada ya kuangalia figo na ini.

Onyo. Usimpe diklofenaki, ibuprofeni, aspirini wala panadoli ya kwako. Nimeona mbwa aliyepewa vidonge vya diklofenaki vya bibi wa nyumba kwa huruma tupu. Alikunya kinyesi cheusi kama lami siku ya tatu, vidonda vya tumbo vikitoka damu. Hawakuwahi kumwokoa. Kama umeshampa, mwambie daktari ukweli, kwa maana akiongezewa dawa nyingine ya jamii hiyo juu yake atadhurika zaidi.

Hatua ya 6. Mpangie siku kwa joto

Kuanzia Novemba hadi Machi joto na unyevu wa pwani vinamkaba mbwa mwenye manyoya mazito. Matembezi yawe kabla ya saa mbili asubuhi na baada ya saa kumi na mbili jioni. Banda la bati lipauliwe makuti juu, au lihamishiwe chini ya mwembe. Maji mahali pawili, yabadilishwe mchana.

Pima maji anayokunywa kwa siku mbili. Mbwa wa kilo 35 hunywa kama lita 2 hivi. Akipita lita 3 na nusu kwa siku na si kwa sababu ya jua, fikiria figo, kisukari, au kizazi kama ni jike.

Hatua ya 7. Kupe, minyoo, chanjo

Uzee haumwondolei chanjo. Kichaa cha mbwa bado kipo, na Lindi na Mtwara zimewahi kuwa kwenye mradi mkubwa wa kukitokomeza kuanzia 2010, mbwa wakichanjwa kijiji kwa kijiji. Chanjo kila mwaka, kadi itunzwe.

Dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Kupe waondolewe kila wiki kwa kibano, karibu na ngozi, bila kuwakamua.

Dawa za ng'ombe zinatuponza. Dawa ya kuogeshea ng'ombe haichanganywi kwa kipimo cha ng'ombe ukammwagia mbwa. Aivamektini ya sindano ya ng'ombe ni kali, tone lililozidi linampofusha au kumtoa fahamu. Diminazini hivyo hivyo, kipimo kikizidi kinagonga ubongo. Zote zina kazi kwa mbwa, ila zipitie mkononi mwa daktari.

Hatua ya 8. Kama ni jike asiyefungwa kizazi

Andika tarehe ya kila joto. Wiki 2 hadi 8 baada ya joto ndipo kizazi hujaa usaha. Anakunywa maji sana, hali, tumbo linatuna, na pengine usaha unatoka au hautoki kabisa. Usiposhuka chini ndio mbaya zaidi. Tiba yake ya uhakika ni upasuaji wa kutoa kizazi, haraka. Papasa pia matiti yote kila wiki.

Hatua ya 9. Mpunguzie kazi

Mlinzi mzee hapaswi kulala nje kwenye mvua ya Februari akilinda ghala. Leta mbwa kijana mapema, akiwa bado mzee anaweza kumfundisha, na umpe mzee zamu ya barazani. Walishwe mbali mbali, kwa sababu kijana humnyang'anya.

Likitokea hili, fanya hivi

*Tumbo limevimba kama ngoma, anajaribu kutapika hakitoki kitu, hatulii.* Tumbo limejipinda. Usimpe soda, mafuta wala magadi. Piga simu, pandisha kirikuu, ondoka. Hapa tunahesabu dakika.

*Anahema sana, mate mazito, anayumba juani.* Kivulini, mwagie maji ya kawaida tumboni, kwapani na mapajani, mpepee. Pima joto kwa kipimajoto nyuma. La kawaida ni 38.3 hadi 39.2. Likishuka hadi 39.5 acha kumwagia, asije akapoa kupita kiasi, kisha mpeleke hata kama amesimama.

*Ameamka kichwa kimeinama upande, anaanguka, macho yanachezacheza.* Watu hudhani amelishwa sumu au amepooza, na wengine huamua kummaliza siku hiyo. Ngoja. Mbwa wazee hupatwa na hitilafu ya ghafla ya sikio la ndani, na wengi huanza kupata nafuu ndani ya siku 3. Mlaze pasipo ngazi, mpe maji kwa mkono, daktari amwone kuondoa sababu nyingine.

*Anaburuta miguu ya nyuma, kucha zimelika juu, lakini ukimminya halii.* Kwa German Shepherd inaweza kuwa ugonjwa wa uti wa mgongo unaokuja taratibu. Hauna tiba, lakini matembezi mafupi kila siku humshikilia, na taulo lililopitishwa chini ya tumbo humsaidia kunyanyuka.

*Sauti imekuwa ya kukwaruza na anakoroma akihema, hasa Labrador.* Koo limelegea. Ondoa mkanda wa shingo, mfunge wa kifuani, na joto liwe adui wako mkuu.

*Anatokwa damu puani, fizi nyeupe, homa.* Fikiria ugonjwa wa kupe. Dawa ipo, ni vidonge vya wiki kadhaa, usiviache akishachangamka.

*Macho yamekuwa ya bluu maziwa, amekonda, homa inakuja na kuondoka, na unaishi karibu na pori la Liwale au Kilwa.* Mweleze daktari kuhusu ndorobo. Mtoto wa jicho hauji na homa.

*Amebadilika ghafla: mkali bila sababu, au taya limening'inia, mate yanamwagika, hamezi.* Usitie mkono mdomoni kutafuta mfupa. Mfungie, mwite afisa mifugo. Aliyeng'atwa au kupata mate kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa alichanjwa.

*Hawezi kusimama tena, na dawa zimeacha kusaidia.* Andika mambo matatu aliyoyapenda kuliko yote. Tambo alipenda kunisindikiza getini, kula vichwa vya changu, na kulala miguuni mwa mwanangu wa mwisho. Siku iliyobaki moja tu kati ya hayo, nilimwita daktari nyumbani. Sindano ya usingizi kwanza, kisha ya pili, amelala kwenye godoro lake. Usikubali sumu ya panya, usikubali rungu. Chimba shimo la mita moja na nusu, mbali na kisima, na kabla ya kurudishia udongo wa mwisho panga mawe juu, mbwa wa mitaani wasije wakamfukua.